Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mpangaji wangu alikuwa na mdomo mchafu na viatu visafi. Ukitaka kumjua upesi, anzia hapo. Masika yakishika, mtaa wetu wa Kwa Mrombo wote unakuwa uji wa udongo, watu tunatembea kama bata, na yeye anatoka chumba cha uani na raba nyeupe kama meno ya mtoto, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe huku anawasema wenye kazi ya barabara kwa maneno yenye vina. Nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio nikimsikiliza mpaka afike kwenye lami. Hapo ndipo nilipokuwa napata habari za dunia.

Jina lake sitaliandika. Ana watoto sasa, na watoto wanasoma. Nyumbani kwangu tulimwita Mpangaji alipohamia, tukamwita Mpangaji alipohama, na mpaka leo nikisema Mpangaji kila mtu anajua ni nani, ingawa chumba kile wameshakaa watu wengine wengi. Kwao ni Kilimanjaro. Ukoo wake aliwahi kunieleza wote, lakini nilikuwa nachambua mchele na sikushika. Kilichonihusu ni kwamba yeye na mjukuu wangu ndio waliokuwa lile kundi. Wawili tu. Wale walioimba habari za kiwanda kufungwa na baba za watu kupunguzwa kazi, za hospitali kuanza kudai pesa mlangoni kabla hujasema unaumwa wapi, za watoto wanaoingizwa kwenye mashimo ya madini kwa sababu ni wembamba. Wenyewe waliita hip-hop. Mimi nilisema huko si kuimba, ni kugomba kwa kufuata ngoma. Mpangaji alifurahi sana. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuieleza vizuri hivyo.

Kundi waliliita Mafiga Mawili. Siku waliponiambia nilicheka mpaka nikaweka ungo chini. Nikawaambia, chungu juu ya mafiga mawili kinapinduka, hata mtoto anajua. Mpangaji akanitazama kama mwalimu aliyepata swali alilokuwa analingojea.

"Ndiyo maana yake, Bibi. Figa la tatu ni yule anayesikiliza. Asiposikiliza, tumemwaga."

Nikaona huyu kijana ama ana akili ama ana maradhi. Baadaye niligundua ana vyote viwili, kwa zamu.

Kazi yake ilikuwa viatu vya mitumba. Anafungua mzigo alfajiri, anatafuta wenzi, maana kiatu cha kushoto kinaweza kuwa juu na cha kulia kiko chini kabisa kimeshikana na soksi ya Mzungu. Halafu anavisugua kwa mswaki na dawa ya meno. Mke wa jirani yangu alikuwa anasema kijana yule anapiga mswaki viatu kuliko watu wengine wanavyopiga mswaki meno, na alikuwa anamtazama mume wake wakati anasema. Akishavipanga kwenye turubai, anaanza kuwaita wateja. Hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na sauti ya mtu anayekudai. Lakini watu walisimama, kwa sababu alikuwa anawasema. Akipita mwalimu, anamsemea mshahara wake. Akipita mgambo, anamsemea tumbo lake. Mgambo wenyewe walicheka kwanza, wakaelewa baadaye, na siku waliyoelewa walimwaga viatu vyote mtaroni. Jioni ile alirudi na gunia la viatu vyenye matope, akakaa uani anasugua na kugomba, anasugua na kugomba. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekaa jikoni anaota moto, akatoka nje akaanza kumjibu. Nadhani kundi lilianzia hapo. Mjukuu wangu anasema lilianzia shuleni kwao. Muulizeni yeye atawaambia uongo wake.

Mjukuu wangu ndiye alikuwa na sauti, na sura pia, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Muulizeni msichana yeyote wa wakati ule kuanzia Kwa Mrombo hadi Tengeru. Mpangaji alikuwa na maneno. Mazoezi yao yalikuwa uani kwangu, na uani kwangu hakuna mtu anayekaa bure. Sheria ilikuwa moja: ukitaka kugomba, gomba huku unatwanga. Nilikuwa nauza makande sokoni, na mahindi ya makande hayajikoboi. Kinu kilikuwa kikubwa, cha watu wawili. Mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka, na maneno yakaenda hivyo hivyo, huyu anaanza sentensi na yule anaimalizia, hawagongani. Mtu wa redio baadaye aliwauliza mtindo ule waliutoa Marekani ya wapi. Mpangaji akajibu hewani, "Kwenye makande." Mtangazaji akacheka sana. Alidhani ni utani.

Wimbo ukikamilika, waliniita nikae kwenye kigoda. Mpangaji hakuuliza hata siku moja kama nimeupenda. Alikuwa anauliza, "Bibi, umesikia nini?" Nikisema nimesikia kelele, wimbo umekufa, hata kama mjukuu wangu amenuna. Nikisema nimesikia habari ya mama aliyekwenda kujifungua akaambiwa aje na glavu zake mwenyewe, basi umepita. Siku moja waliniletea wimbo wa soko huria. Nikauliza soko huria ndiyo nini. Mjukuu wangu akaanza kunieleza kwa maneno ya darasani, uchumi, mtaji, ushindani. Nikamwambia inatosha, nimeelewa, ni soko ambalo kila mtu ana ruhusa ya kuuza na hakuna mwenye pesa ya kununua. Mpangaji akainuka akaingia chumbani kwake bila kuaga. Muda si mrefu nikasikia maneno yangu stendi, kwenye kibanda cha kanda, yanapigwa kwa sauti kubwa. Nikamwambia kijana wa kanda kwamba hayo maneno ni yangu. Akaitazama kanga yangu, akalitazama beseni langu, akasema, "Sawa Bibi. Na mimi ndiye gavana wa benki."

Sikukasirika. Lakini nilimwambia Mpangaji ameniibia. Akasema hajaniibia, amenibinafsisha.

Alikuwa na ubishi wa namna hiyo, na alikuwa na vitu viwili viwili ambavyo havikukaa pamoja. Wimbo wao mmoja ulisema watu wa mlimani wasiuze mashamba yao kwa wageni wenye magari. Wimbo ulipendwa mpaka ng'ambo ya Maji ya Chai, wazee wa Kimeru wenye migomba na kahawa wakawa wanaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo. Nami nikamkuta huko huko Maji ya Chai, nilipokwenda kwenye msiba, anapima kiwanja kwa kamba. Nikamuuliza, si ulisema ardhi isiuzwe?

"Nilisema isiuzwe, Bibi. Sikusema isinunuliwe."

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, mimi ni Mlutheri, na tulitaniana kwa hilo mpaka watu wakadhani tunagombana. Mzee wa kanisa letu alipokuja kunilalamikia kwamba nimefuga wahuni wawili wanaovaa suruali za kuanguka, Mpangaji ndiye aliyemkaribisha kiti, akamletea chai, akamwambia shikamoo mara mbili, akakubali kila alichosema. Mzee akaondoka amefurahi. Baada ya wiki mbili akajisikia kwenye redio, sauti yake ile ile ya puani, imeigizwa ndani ya wimbo wa watu wanaohesabu suruali za vijana na hawahesabu vijana wasio na kazi.

Na mdomo wote ule, ulikuwa na breki moja tu, nayo ni mimi. Jukwaani alikuwa anaitaja kondomu kwa jina, kwa sauti, mbele ya wasichana na mama zao. Nyumbani hakuweza. Nikimuuliza wimbo ule unasema nini, anatazama juu ya bati, anasema, "Unasema habari za, za ile kinga, Bibi." Nikamwambia, mimi nimezaa, wewe unafikiri watoto niliwapata kwenye mitumba? Akakimbia. Kweli alikimbia, na raba zake nyeupe, akapitia kwenye dimbwi.

Kanda yao ya kwanza waliirekodi kwenye chumba cha mtu, mjini. Walinichukulia trei za mayai wakisema wanakwenda kununua mayai. Mayai sikuyaona. Nilipokwenda kuwatafuta nikazikuta trei zangu zimegandishwa ukutani na gundi, ukuta mzima, kuzuia mwangwi, na mjukuu wangu amesimama katikati yake kama kifaranga. Nikataka kuzibandua. Mpangaji akaniomba nisubiri wamalize wimbo mmoja tu. Nilikaa pale hadi jua likazama, na kama mnayo kanda hiyo, kwenye wimbo wa tatu kuna mtu anakohoa. Ni mimi.

Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na kila redio ilitaka vitu vipya vya kupiga. Wakapigwa. Wakaitwa Moshi, wakaitwa Dar es Salaam, wakaitwa shule za sekondari kuwaambia watoto wasome, wao ambao mmoja wao alifukuzwa shule. Walivuma. Lakini kilichowavumisha hasa ni wimbo mmoja, na huo sharti niueleze taratibu.

Mama yake mjukuu wangu alikuwa binti yangu. Aliugua ule ugonjwa. Wakati ule haukutajwa. Mtu aliugua kifua, aliugua malaria sugu, alirogwa. Sisi tulisema kifua. Alifia nyumbani kwangu, chumba cha mbele. Baada ya mwaka hivi vijana wakatunga wimbo wa mwanamke anayeugua nyuma ya pazia, na wageni wanaokuja kumwona, na chai wanayopewa, na jinsi kila mgeni anavyokishika kikombe mpaka kipoe akakirudisha kimejaa. Basi. Hakuna jina, hakuna mtaa. Kabla hawajaurekodi tulikaa watatu jikoni, tukapatana kwamba hatutasema ni nani. Mpangaji alikuwa wa kwanza kukubali. Watu walilia kwa wimbo ule. Wengine, nawajua kwa majina, walilia nyumbani kwao wakiusikia, na vikombe vyangu walikuwa wamevirudisha vimejaa.

Uchaguzi ukaja. Mgombea mmoja akataka wimbo. Alikuwa mtu wa kucheka sana na kushika watu mabega. Mpangaji akasema hapana, kesho tutamwimba huyu huyu kwa barabara alizokula. Mjukuu wangu akasema amechoka kulala kwenye godoro la bibi yake. Nilikuwepo. Godoro halikuwa baya. Akaenda, akaimba peke yake, akapewa fulana zenye picha ya yule bwana, na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na onyesho kwenye ukumbi mjini ambalo walikuwa wameshaahidi kama kundi. Akaja na fulana ile mwilini.

Sikuwepo ukumbini. Niliambiwa na watu waliokimbia kuja kuniambia, na watu wanaokimbia kukuletea jambo la namna hiyo huwa hawakosei neno. Mpangaji alimsema mwenzake jukwaani. Alianza na fulana, watu wakacheka. Akaendelea na shingo, kwamba mwenzangu ameuza shingo, sasa kofia anaivalia kwapani. Watu wakacheka zaidi. Mjukuu wangu akamjibu kwamba maneno ya wimbo uliowalisha wote wawili yametoka nyumbani kwao, si kwenye mzigo wa viatu. Na hapo Mpangaji, kwa hasira, mbele ya ukumbi mzima, akasema jina la binti yangu na alichokufa nacho.

Wanasema muziki uliendelea peke yake muda mrefu. Hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Asubuhi nilipofungua mlango alikuwa amesimama nje. Raba zilikuwa na matope mpaka kwenye kamba, mara yangu ya kwanza kuyaona miguuni kwake, na sijui alikuwa ametembea wapi. Mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwa wasiojua: sale ni mmea ule mrefu tunaoupanda mipakani, huku Meru na kwao Kilimanjaro. Mtu akikukosea kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, anakuletea jani lake. Haulizwi neno. Unaweza kukataa mbuzi, unaweza kukataa posa, unaweza kukataa pesa kama una kichaa, lakini sale halikataliwi. Ukilikataa umesema kwamba kati yenu hakuna tena watu.

Alilinyoosha kwa mikono miwili. Nililitazama muda kidogo, maana na mimi nina damu. Kisha nikalipokea.

"Nimelipokea," nikamwambia. "Lakini leo usiniombe chai."

"Siombi, Bibi."

"Na mwenzako?"

"Ninakwenda kwake. La kwake ninalo."

Mwezi haukuisha akahama chumba. Alikiacha kimefagiliwa na kimepigwa deki, jambo ambalo hajalifanya mpangaji mwingine yeyote kabla yake wala baada yake.

Mjukuu wangu alikuwa ameshachukua nyumba Njiro tangu kabla ya onyesho, yenye ukuta na geti, kwa pesa za yule mgombea, na za matangazo ya sabuni zikafuata. Nikawa nangoja nisikie wamepatana. Kimya. Nikimtaja Mpangaji, mjukuu wangu anainuka anakwenda kutazama gari lake. Nikaelewa kwamba amelikataa sale, nikaona aibu hata kuuliza, kwa sababu mtu aliyefanya hivyo huwezi kumsaidia. Akaimba nyimbo za mapenzi. Zilikuwa mbaya, namwambia hivi mwenyewe na anajua. Mpangaji hakuimba tena kabisa. Nilisikia ameoa binti wa Kimeru, yuko Maji ya Chai, ana duka la viatu. Watoto wakubwa wa leo wakiuliza Mafiga Mawili waliishia wapi, watu wanasema ni pesa. Rahisi kusema pesa.

Miaka ikapita hivyo mpaka kipaimara cha mtoto wa kwanza wa mjukuu wangu. Tumekula, tumeshiba, wageni wamekaa sebuleni wanafungua vifungo vya suruali. Mke wa mjukuu wangu, mtoto mzuri lakini aliyekulia kwenye simenti, akasimama kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoilinda nyumba yao. Akasema walipohamia tu, adui aliwatupia uchawi getini. Asubuhi moja walikuta jani limefungwa kwenye komeo.

Nikaweka soda chini.

"Jani gani, mama?"

"Jani refu tu Bibi, la kijani. Limefungwa fundo katikati. Mlinzi akaogopa hata kuligusa."

"Mkalifanyaje?"

"Tukamwita mchungaji, akaliombea, tukalimwagia mafuta ya taa tukalichoma pale pale nje. Na aliyelileta alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mlinzi alimwona. Moto ulipowaka akaondoka. Ameshindwa."

Wageni wakasema amina. Mimi nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatafuna.

"Wewe ulikuwepo likichomwa?"

"Nilikuwepo, Bibi. Ni watu wa viwanja wale, walikuwa wanakitaka hiki kiwanja."

"Hilo lilikuwa sale."

"Sale si ni ua wa mpaka?"

Mtoto wa binti yangu, damu ya Meru, mtu aliyesimama kwenye majukwaa ya nchi nzima akiwaambia vijana waijue mizizi yao. Nikamwambia, mizizi uliijua sana, majani ndiyo yaliyokushinda. Nikamweleza, mbele ya wageni na vifungo vyao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoacha kutafuna. Mwisho akauliza swali moja tu, taratibu.

"Kwa hiyo alikuja?"

Miaka yote ile alikuwa anamngoja aje. Na mwenzake miaka yote ile anajua amechomewa sale machoni pake.

Kosa lilikuwa la wote wawili, msinisikie nikimlaumu mmoja. Sale linapelekwa mkononi, na mtu mzima, tena ikiwezekana na mwingine wa kusimama katikati. Halifungwi getini kama tangazo la fundi bomba. Angenituma mimi ningelipeleka kwa miguu hadi Njiro. Lakini alifika, kama nilivyokuja kuambiwa, mlinzi akamwambia bosi amelala, na yeye Mpangaji, mwenye mdomo wa kuwasema mawaziri, akashindwa kumwambia mlinzi amwamshe.

Kesho yake nilikata sale kwenye mpaka wangu na jirani, nikalifunga fundo, nikampa mjukuu wangu alishike mkononi njia nzima. Gari aliendesha mke wake. Alikaa mbele amelishika wima kama mshumaa, na mimi nyuma namkumbusha asilikunje.

Duka liko kando ya barabara kuu, mabuti ya mpira yananing'inia mlangoni kama samaki. Mpangaji alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Amepata tumbo, amepata mvi, amepata miwani ya kuning'iniza kifuani. Aliniona mimi kwanza, akainuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

Kisha akamwona aliye nyuma yangu, na alichoshika. Akaketi tena. Akamwita mke wake alete chai na viti, na akaanza kuniuliza habari za magoti yangu, za mvua, za jirani yangu aliyevunjika nyonga, kana kwamba nimekuja peke yangu. Mjukuu wangu akakaa upande wa pili wa benchi lile lile. Akalinyoosha jani kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Mpangaji alilitazama. Mikono yake haikutoka magotini.

"Bibi," akasema, "mwulize huyu bwana, hili nalo anataka kulichoma lini."

"Bibi, mwambie sikujua ni nini."

"Anasema hakujua," nikasema.

"Mwambie nilisimama ng'ambo ya barabara. Nilimwona amefunga taulo kiunoni anatazama moto."

"Bibi, mwambie angevuka barabara."

Basi nikawa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, kama mkalimani wa kanisani siku ya mgeni kutoka Ulaya, na watu wenyewe wamekaa wanagusana viwiko. Chai ikaja. Mjukuu wangu akarudisha jani magotini, mkono umemchoka.

"Mwambie, Bibi," Mpangaji akasema, na hapo sauti yake ilishuka, "siku ile ukumbini nilimtaja mama yake kwa sababu..." Lori likapita, na la pili. "Mwambie sina sababu. Nimeitafuta."

Hilo sikulitafsiri. Mjukuu wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anatafuta jibu kali, anayo mengi, amelelewa na mimi. Kumbe si hilo.

"Bibi, mwulize kitu. Mama alipokuwa hawezi tena kutembea, huyu alikuwa anambeba asubuhi anampeleka nyuma ya nyumba akaote jua. Mimi nilishindwa kumwona vile, nilikuwa najifanya nimelala. Nilikuwa namsikia mama anacheka. Mwulize alikuwa anamwambia nini."

Nami nilikuwa sijui. Saa zile nilikuwa sokoni. Nikamgeukia Mpangaji, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona anaona haya kwa sababu nyingine, si ile kinga.

"Nilikuwa namwigiza Bibi," akasema.

"Bibi yupi?" mjukuu wangu akamuuliza.

"Huyu hapa. Anavyosali asubuhi. Si unajua anavyosali, anamtajia Mungu majirani mmoja mmoja na makosa yao, ili asije akawasahau?"

"Na akifika kwa mama mwenye bucha anaongeza sauti."

"Anaongeza sauti ili mwenyewe asikie. Mama yako alikuwa anapenda hapo. Ananiambia, rudia bucha, rudia bucha. Halafu lazima kuwe na leso, bila leso siyo yeye, anaipunga hivi Bwana akimkawilia."

Akatazama huku na huku kutafuta leso. Hakuiona. Akanyoosha mkono bila hata kugeuza macho, akachukua jani kutoka magotini mwa mjukuu wangu, akalishika kwenye fundo na kuanza kulipunga, macho ameyafumba, shingo ameivuta upande, akamshitaki mama mwenye bucha kwa mizani yake kwa sauti yangu mimi, ya puani, ambayo sina. Mjukuu wangu alishika tumbo kwa kucheka. Akamwambia hapana, umekosea, Bibi kabla ya bucha anapitia kwa mwenye nyumba ya ghorofa, na mwenzake akamwambia nyamaza, wewe ulikuwa umelala, akaanza upya tangu mwanzo, na jani linapepea.

Mke wake Mpangaji alinitazama kwa wasiwasi, anadhani nimeudhika. Nilikuwa na la kuwajibu wote wawili, tena kali. Nikalimeza pamoja na chai.